Nyuzi Ishirini na Tatu na Nusu

Julai, kabla ya mapambazuko,
chemchemi ya Kondoa inafuka
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Nimechuchumaa na kipimajoto cha maabara ya shule,
kile chenye ufa, tulichokifunga plasta.
Kando yangu Nehemia Chihoma,
anayesomea uchungaji kule Msalato,
koti amelifunga hadi kidevuni;
meno yanagongana, hoja hazipoi.

Juzi barazani kwangu, tukimenya karanga,
alisema wahenga wa Kiyahudi walijua yote.
Mwezi, kwa hesabu yao, tangu kuandama hadi kuandama,
ni siku ishirini na tisa na nusu
na vipande mia saba tisini na vitatu
vya saa iliyokatwa vipande elfu moja na themanini.
Nikachukua mkaa, nikagawanya ukutani,
nikalinganisha na kitabu changu cha fizikia:
tofauti haikutimia nusu sekunde.
“Bila darubini,” akasema. “Nani aliwanong'oneza?”
Nikatia karanga mdomoni nipate muda.

Labda Babeli, nikamwambia.
Kule watu walikesha karne baada ya karne
wakiandika kila mwezi uliopatwa.
Hata hesabu huombwa kwa jirani
kama kaa la moto.
Na chawa je? Si wao hao waliosema
chawa hazai, hutokea tu?
Mimi nimelala bweni la Mpwapwa miaka minne.
Mayai ya chawa nayajua
kwa kucha za vidole gumba viwili.

Alicheka mpaka maganda yakaruka.
Kisha, sijui kwa nini, akanipa mwenyewe silaha
ambayo nisingeipata.
Wahenga wale, akasema, waliamini
jua likizama hupanda nyuma ya anga,
lirudi mashariki juu ya paa, lisionekane.
Wenye hekima wa mataifa wakasema: la,
hupita chini ya ardhi.
Na mkubwa mmoja wa Kiyahudi, mbele ya watu wake,
akakiri kwamba ya wageni yanaelekea zaidi,
maana chemchemi mchana ni baridi
na usiku hufuka.

Ndiyo maana tuko hapa, na baridi hii.

Jana saa saba mchana, jua la utosi:
ishirini na tatu na nusu.
Sasa, mvuke ukinilowesha nyusi,
nasogeza tochi, nasoma, nafuta kioo, nasoma tena.
Ishirini na tatu na nusu.
Maji hayajaenda popote.
Ni hewa iliyopoa, na mkono wangu pamoja nayo.

“Kwa hiyo alikosea,” anasema Nehemia.
Ushahidi, ndiyo.
“Na jua?”
Jua alikaribia.
Ananyamaza. Anaingiza vidole majini,
anaviacha humo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mwanamke wa Bolisa anatua ndoo.
“Nyie wa idara ya maji? Mtatufungia tena?”
Hapana, mama, tunapima jua.
Anatutazama, anamtazama mwenzake,
anachota.

Nimefundisha miaka kumi na tisa.
Mwaka juzi, kidato cha pili,
Asiatu alinyoosha mkono akasema
mshale wangu ubaoni umeelekea kinyume.
Nikamwambia kaa chini.
Usiku ule, nikisahihisha madaftari,
niliuona mshale. Ulielekea kinyume.
Asubuhi niliufuta kabla hawajaingia,
nikapuliza chaki vidoleni, nikaendelea na mada.

Yule mzee hakuwa na kipimajoto,
na chemchemi ilimdanganya
kama inavyomdanganya kila anayenawa alfajiri.
Lakini alisema mbele ya wote.

Kumekucha upande wa Bolisa.
Nehemia anauliza kama kuna chai mahali.
Nafungia kipimajoto kwenye leso.
Saa mbili nina kipindi kidato cha nne;
Asiatu hukaa dawati la tatu, dirishani.
Bado sijajua nitaanzaje.